Video Isiyo ya Lazima

Jirani yangu mmoja hapa Kinyerezi, kijana wa sekondari, alikuwa anapakua gemu usiku huku bando likielekea kukata. Kwenye orodha ya mafaili akakuta mengine yameandikwa kwamba si ya lazima: lugha za ziada, na video. Akazitoa video. Gemu ikaingia, ikacheza vizuri kabisa. Kesho yake akaniuliza: "Kaka, huyu jamaa ninayemwinda, alinikosea nini?"

Jibu lilikuwa ndani ya video alizoziacha.

Naelewa kwa nini video hutengwa kwanza. Ni nzito, na tayari imeshabanwa. Ukiibana tena kama unavyobana maandishi, haipungui kitu. Ukilazimisha, picha inaharibika. Lakini anayeandika "si lazima" amefanya kazi ya mhakiki bila kujijua: ameamua kwamba kisa ni pambo.

Wapo walioamua tofauti. Gemu ya Resident Evil 2 ilitoka mwaka 1998 kwenye PlayStation ikiwa na CD mbili. Mwaka uliofuata Angel Studios waliiingiza yote, pamoja na video zake, kwenye kaseti ya Nintendo 64 yenye MB 64 tu. Picha zilififia, kisa kikabaki. Na Middle-earth: Shadow of War ya mwaka 2017 ilizitenga video za 4K kama mzigo wa pembeni, wa bure; asiyezichukua alikosa ung'avu, hakukosa hadithi. Huo ndio uchaguzi ninaouheshimu.

Sasa mweke Lufufu pembeni ya hao. Derek Mukandala, kwa jina hilo la kazi, alichukua filamu za kigeni, Titanic ikiwemo, akazisimulia kwa Kiswahili kwa watazamaji wa Dar es Salaam. Kampala wana VJ Jingo kwa kazi hiyo hiyo. Japani, enzi za filamu bubu, benshi alisimama kando ya pazia akiwapa sauti wahusika wote. Benshi alijaza ukimya. Lufufu ilimbidi aifunike sauti iliyokuwepo, na hapo kuna hasara ya kweli, maana mwigizaji hupoteza koo lake. Hata hivyo kilichofunikwa ni maneno ambayo wengi ukumbini wasingeyaelewa. Kisa hakukigusa kwa kisu. Alikiongezea maelezo, majina, sababu za ugomvi, akihesabu kwamba mtu aliyelipa kiingilio anastahili kujua nani anamlilia nani.

Aliyefungasha gemu ya yule kijana alipima uzito wa mafaili. Lufufu alimpima mtazamaji.

Yule kijana hakurudi kupakua zile video. Alikwenda kwenye banda la gemu, akamkuta mwenzake aliyeimaliza. Huyo akaweka pedi chini, akamweleza tangu mwanzo, sauti ya adui akiigeuza nzito, na akachukua muda mrefu kuliko video zenyewe.