Kupoza si kutia baridi

Mjini Nyeri, maji ya bomba ya asubuhi ya Julai hutia vidole ganzi bila mtambo wowote. Ndiyo maana "mtambo wa maji baridi", kwa ule mfumo wa kupunguza joto katika majengo makubwa, ni jina lisilosema kitu. Maji yake hushushwa hadi nyuzi 7 hivi, yakapanda ghorofani kuchukua joto la vyumba, yakarudi na nyuzi 12 kupozwa upya. Kazi yake ni kubeba joto, na kitenzi tunacho: kupoza. Atapinga mtu kwamba chai iliyopoa huwa vuguvugu tu. Kweli, lakini neno hili hutaja kupungua, halitaji kikomo. Tanzania wana vituo vya kupoza umeme, yaani kupunguza volteji yake, wala hamna barafu humo. Na wafugaji wa Mukurwe-ini hupoza maziwa yaliyotoka kiweleni na nyuzi 38 hivi, yakafika 4. Basi "mtambo wa maji ya kupozea" unatosha. Ila iandikwe o moja, maana mtambo wa kupooza utamlaza mwenye jengo hospitalini.