Wakulima wa Mbulu na Sheria ya Ardhi

Tunapofundisha madaraka ya umma, ndugu makada, hutaja tawi, mkutano wa kijiji na Bunge. Mahakama tunaisahau. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw, Hanang, waliishtaki NAFCO, shirika la umma, kwa kutwaa ardhi yao ili kulima ngano. Mahakama Kuu iliwaunga mkono. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua, kwa kuwa kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kisheria.

Huko Kambi ya Simba, wakati huo wilaya ya Mbulu, baba na mwanawe walishinda kesi mwaka 1987, wakarudishiwa ardhi waliyoipoteza wakati wa Operesheni Vijiji. (Operesheni hiyo ilikuwa kazi ya Chama, tusijifiche.) Rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, ikaja Sheria Na. 22 ya 1992: haki za kimila katika vijiji hivyo zifutwe, kesi zake zikome. Hawakunyamaza. Waliishtaki Serikali, wakidai sheria yenyewe inavunja Katiba. Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ikabatilisha kifungu kilichowafungia wananchi milango ya mahakama. Miaka mitano baadaye, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliipa haki hiyo hadhi sawa na hati inayotolewa na Serikali.