Vijana wa Reli na Vijana wa Leo

Hapa Msangano twasikia wazee wakinena kuwa vijana waajiriwa wa siku hizi hawadumu kazini. Tukumbuke historia. Kati ya mwaka 1970 na 1975, Watanzania, Wazambia na Wachina, wengi wao vijana, walijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ipitayo Tunduma. Walitoboa milima na kuinua madaraja; hata miongoni mwao wapo walioshindwa, wakaacha kazi. Waliovumilia walifundishwa ufundi, na baadhi wakaajiriwa na reli hiyo. Kijana wa leo mwenye kibarua cha kutwa mpakani mara nyingi hana tumaini hilo. Tusimwite mvivu kabla hatujajiuliza: je, tumemfundisha nini, na ujira wake tumeulipa kwa haki?