Kichwa cha treni cha mfano: kwa nini bei haishuki?

Juzi hapa Kitengela mwanangu aliniomba kichwa cha treni cha mfano, kile cha umeme. Nikaangalia bei, nikafunga kompyuta.

Historia yake ni hii. Frank Hornby wa Uingereza alianza kuuza treni za bati mwaka 1920, za kujaza springi kama saa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Hornby ilihamishia utengenezaji China kufuata unafuu. Baadaye mishahara ya viwanda vya huko ikapanda. Wanunuzi nao wakataka kila ribiti ionekane, na kalibu za kazi hiyo ni ghali. Wanunuzi wakiwa wachache, kila mmoja anabeba mzigo mkubwa zaidi.

Nasi waandika programu tumo! Kwa mfumo wa DCC, kichwa kina kichakataji kidogo kinachopokea amri kupitia reli zenyewe, hadi ya kupiga honi.

Sasa fikiria Garratt zetu za daraja la 59. Beyer Peacock ya Manchester ilijenga 34 tu, zikapewa majina ya milima. Moja iliitwa Mount Kilimanjaro, mlima ule ule unaowatazama watu wa Rombo. Nani atachonga kalibu kwa soko dogo hivyo?

Basi nikampeleka kijana Makumbusho ya Reli, Nairobi, akaiona 5918, Mount Gelai. Sasa anaikunja ya kwake kwa waya, kama tulivyokunja magari sisi. Honi nitamwandikia mimi.