Usukani na Mkono: Historia ya Baiskeli na Pikipiki katika Bonde la Kyela

Bonde la Kyela limezungukwa na Milima ya Livingstone upande wa mashariki, safu za Rungwe upande wa kaskazini, Mto Songwe unaolitenganisha na Malawi upande wa magharibi, na Ziwa Nyasa upande wa kusini, na sehemu yake kubwa haipandi sana juu ya usawa wa ziwa hilo, ambao ni takriban mita 475 kutoka usawa wa bahari. Mlima Rungwe, unaoonekana kutoka mashamba ya mpunga siku ambazo mawingu yameachia, unakaribia mita 3,000. Kwa hiyo msafiri anayetoka Ipinda au Matema na kupanda kupitia Tukuyu hadi Isyonje hupita, katika muda wa saa chache tu, kutoka kwenye joto la jasho hadi kwenye ukungu unaotia vidole ganzi. Historia ya usafiri wa eneo hili haieleweki bila tofauti hiyo, kwa sababu utambarare wa bonde ndio ulioifanya baiskeli kuwa chombo cha watu wote, na baiskeli ndiyo iliyoandaa vijiwe, mafundi na maduka ya vipuri ambayo pikipiki ilikuja kuyarithi karibu kama yalivyo. Urithi huo unaonekana vizuri zaidi katika kipuri ambacho wanahistoria wa uchukuzi hawakijali hata kidogo, nacho ni raba za usukani, yaani mipira miwili inayovikwa kwenye ncha za chuma cha usukani ili mkono upate mahali pa kushika.

Kabla ya magurudumu, mizigo ya mwambao wa kaskazini ilikwenda kwa kichwa na kwa mtumbwi. Wakinga, waliokuwa wahunzi mashuhuri wa Milima ya Livingstone, waliteremsha majembe na mikuki na kupata chakula na mifugo kwa Wanyakyusa wa bondeni, nao Wakisi wa ufukweni, ambao wanawake wao ndio wafinyanzi wa vyungu vinavyojulikana hadi leo, walivisafirisha vyungu hivyo kwa mitumbwi wakifuata ukingo wa ziwa, kwa kuwa mlima unashuka majini moja kwa moja na kuacha nafasi finyu ya njia. Wamisionari wa Berlin na wa Kimoravian walifika mwaka 1891, na miaka miwili baadaye afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alianzisha kituo cha Langenburg katika ufuko wa mashariki, pamoja na meli ya mvuke iliyopewa jina lake, ambayo vipande vyake vililetwa kupitia mito ya Zambezi na Shire. Makao ya utawala wa Kijerumani yalihamia baadaye milimani, mahali panapoitwa sasa Tukuyu, na tangu hapo njia ya kutoka bandari ya Mwaya kupanda Tukuyu ikawa uti wa mgongo wa wilaya. Njia hiyo ilikuwa ya wapagazi, na mpagazi hakuhitaji kipuri chochote ila kata ya kichwani.

Baiskeli za kwanza zilikuwa za wamisionari, makarani na walimu, lakini zilizolijaza bonde zilinunuliwa kwa ujira wa vibarua. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 vijana wa Kinyakyusa walikwenda kwa wingi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine wakavuka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo, au wakafika hata Afrika Kusini. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti wao miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliikuta jamii ambayo fedha ya ujira ilikuwa tayari inabadili uhusiano wa vijana na wazee, hasa katika mahari, kwa sababu kijana aliyeweza kununua ng'ombe kwa ujira wake hakulazimika tena kungoja zizi la baba. Baiskeli ilikuwa sehemu ya mageuzi hayohayo. Ng'ombe alikuwa mali inayoingia katika mahesabu ya ukoo, ilhali baiskeli ilikuwa mali ya kijana mwenyewe, inayoweza kubeba gunia la mpunga hadi sokoni na kumrudishia fedha aliyoitumia kuinunua, na mpunga wenyewe ulikuwa na wateja wa uhakika katika kambi za wachimbaji wa Lupa waliohitaji kulishwa.

Tangu wakati huo mpunga na baiskeli vilikwenda pamoja. Baiskeli za Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye Phoenix kutoka Shanghai, zilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu zilikuwa nzito, zenye fremu ya chuma nene, breki za fito badala ya waya na keria pana nyuma, na kwenye barabara isiyo na mlima zilibeba uzito ambao mtengenezaji wake hakuufikiria: magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, kakao ambayo kwa sehemu kubwa Tanzania huipata Kyela, na matenga ya vyungu vya Kikisi yanayofungwa kwa nyasi kavu ili visigongane. Soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, ambako vyungu hushushwa kutoka mitumbwini, limekuwa kwa muda mrefu mahali ambapo usafiri wa maji hukabidhi mzigo kwa usafiri wa nchi kavu.

Baiskeli inayobeba mzigo namna hiyo haidumu bila fundi. Fundi baiskeli wa bondeni, mwenye kopo la grisi, pampu, spana za namba chache na beseni la maji la kutafutia tundu la pancha, ni mtu ambaye historia ya uchumi wa Kyela inamdai heshima kubwa kuliko aliyopewa, hasa kwa kazi aliyoifanya katika miaka ya uhaba. Katika miaka ya 1970 nchi ilikuwa na baiskeli zake yenyewe za Swala, zilizotoka katika kiwanda cha taifa cha Dar es Salaam, lakini baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, maduka yakabaki na rafu tupu, na vipuri vidogo kama gololi, spoku na tyubu vikawa vya kutafutwa kwa magendo. Kyela, wilaya ya mpakani, iliishi hali hiyo kwa namna yake, kwa kuwa bidhaa zilizokosekana Mbeya ziliweza kupatikana ng'ambo ya Songwe, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulimfanya mtu aliyebeba sabuni au tairi kutoka Malawi awe katika hatari ya kweli. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha walizokuwa nazo wenyewe, vipuri vilianza kurudi.

Katika kipindi hicho raba za usukani zilikuwa kitu cha mwisho kununuliwa, maana baiskeli hutembea hata bila raba. Raba ilipokwisha, chuma kilizungushiwa utepe uliokatwa kwenye tyubu chakavu, ukavutwa kwa nguvu kuanzia ncha kuelekea katikati na kufungwa kwa fundo, na utepe huohuo ndio uliotumika kufungia mzigo kwenye keria, kuziba ufa wa bomba na kutuliza pedeli iliyolegea. Ufundi huu haukufundishwa katika chuo chochote, lakini ulikuwa na kanuni zake. Utepe uliokatwa mwembamba mno ulikatika, uliokatwa mnene ulitengeneza matuta yaliyochubua kiganja, na uliozungushwa kinyume na upande wa msokoto wa mkono ulifunguka wenyewe kabla ya jua kuzama.

Abiria walikuja juu ya keria ileile ya mizigo. Uchukuzi wa abiria kwa baiskeli katika Afrika Mashariki unajulikana zaidi kwa mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako ulianza katika miaka ya 1960, lakini mazingira yaliyouzaa huko yalikuwepo pia Kasumulu, kwenye mpaka wa Kyela na Malawi: vituo viwili vya mpaka vilivyotengana, basi lisilovuka, na msafiri mwenye mizigo katikati. Ng'ambo ya Songwe, upande wa Karonga, vijana wa Malawi walifanya kazi hiyohiyo ambayo kwao huitwa kabaza. Mpaka wenyewe, uliotokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, umefuata mto ambao mafuriko huuhamisha mkondo, na watu wa pande zote mbili ni ndugu wa lugha na ukoo, hivyo baiskeli ilivuka kwenda msibani na harusini kama ilivyovuka kwenda sokoni. Keria ilishonewa godoro dogo, vyuma vya kukanyagia abiria vikafungwa kwenye ekseli ya nyuma, na vijiwe vikapata utaratibu wa zamu.

Pikipiki ilivikuta vijiwe hivyo vimekwisha kuota mizizi. Mashine iliyofungua njia ilikuwa na asili ya Kijapani, kwani mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ya CG125, yenye injini rahisi iliyokusudiwa nchi ambazo mwenye chombo hana muda wala uwezo wa kukihudumia mara kwa mara, na viwanda vya China vilipoanza kutengeneza injini za namna hiyo kwa wingi, bei ilishuka hadi mkulima wa mpunga au kakao akaweza kuifikiria baada ya mavuno mazuri. Zilipofuata Boxer na TVS za India, kazi ya kubeba abiria kwa pikipiki ilikuwa imeenea nchi nzima bila kungoja sheria, na kanuni za leseni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 ziliihalalisha hali iliyokwisha kuwepo na kuiweka chini ya mamlaka ya udhibiti wa usafiri, SUMATRA, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na LATRA mwaka 2019. Katika bonde la Kyela baiskeli haikufukuzwa. Ilibaki na mizigo ya shambani na safari fupi, huku pikipiki ikichukua safari za haraka na zile za kupanda mlima, na fundi wa baiskeli, au mwanawe, akaongeza spana kubwa na kopo la oili kwenye meza ileile.

Kazi ya kubadilisha raba za usukani wa pikipiki inaonyesha kilichorithiwa na kilichokuwa kigeni. Raba ya zamani, iliyolainishwa na jasho, petroli na jua la bondeni hadi ikanata viganjani, hupasuliwa kwa kisu kwa urefu na kubanduliwa, kisha chuma husuguliwa kwa msasa hadi kutu na gundi kavu vitoke. Upande wa kushoto, ulipo mkono wa klachi, kazi haitofautiani na ya baiskeli: raba mpya hulowanishwa ndani kwa petroli kidogo, husukumwa huku ikizungushwa, na petroli ikishakauka raba hushika. Upande wa kulia ndipo ugeni ulipo, kwa sababu hapo raba haivikwi juu ya chuma bali juu ya mrija wa plastiki unaozunguka na kuvuta waya wa mafuta, na ikisukumwa mno hadi ikasugua kikasha cha swichi, mafuta hayarudi dereva anapoachia mkono. Mafundi waliozoea baiskeli walilazimika kujifunza kuacha uwazi mdogo mwishoni na kuzungusha mkono mara kadhaa, usukani ukiwa umekatwa kushoto na kisha kulia, kabla ya kukabidhi chombo. Kosa la utepe uliofunguka kwenye baiskeli lilimgharimu mtu malengelenge, ilhali kosa la raba ya kulia kwenye pikipiki linaweza kumgharimu maisha.

Pikipiki ilipoanza kuwapandisha watu wa bondeni hadi Tukuyu na Isyonje, hasa miezi ya Juni na Julai, mkono ulikutana na adui ambaye baiskeli haikuwahi kumjua, kwa kuwa mwendo wa upepo huongeza baridi na vidole vilivyokufa ganzi havibani breki ipasavyo. Katika nchi za baridi tatizo hili lilitatuliwa kwa raba zenye joto, ambazo ndani yake hupita waya mwembamba unaopata moto kwa umeme wa betri, ukiongozwa na swichi. Raba hizo hazikuota mizizi Rungwe wala Kyela, na sababu yake haikuwa uduni wa ujuzi. Jozi moja huweza kula umeme unaokaribia ule wa taa kubwa ya mbele, na jenereta ndogo ya pikipiki ya aina ya CG125 imepimwa kutosha taa, honi na viashiria, hivyo joto la mikono lingepatikana kwa kuiua betri. Tena saa mbili za baridi hufuatwa na siku nzima ya joto bondeni. Dereva wa huku amejikinga kwa glovu za sufu na koti zito, na glovu huvuliwa na kuwekwa chini ya siti chombo kinapoteremka.

Raba zenye joto zimefika Kyela zikiwa juu ya mashine za wapita njia. Kasumulu ipo kwenye njia kuu ya wasafiri wa pikipiki kubwa wanaokatiza bara kutoka kaskazini hadi Cape Town, na mashine zao nyingi zina raba za namna hiyo, ambazo huchakaa mapema upande wa kulia, kwa sababu waya wa upande huo hupindwa kila mafuta yanapovutwa na kuachiwa, hadi nyuzi za shaba zikatike moja baada ya nyingine ndani ya gamba lake. Kipuri chake hakipatikani mpakani, na chenye kufaa kufanywa hapo ni kuchomoa kiungo cha waya kwenye betri, kuzifunika ncha kwa utepe wa umeme zisigusane, na kuvika raba za kawaida za pikipiki kubwa, mradi mrija wa kulia upimwe kwanza, maana mrija wa raba za joto huweza kuwa mwembamba kuliko wa kawaida na raba isiyobana itazunguka peke yake bila kuvuta mafuta. Hapo fundi wa bondeni huvika kwanza juu ya mrija tabaka moja la utepe wa tyubu, akiuvuta kuanzia nje kuelekea ndani, kisha raba mpya hupita juu yake.