Tarehe ya Karatasi za Haleluya

Mapadre wa Assomption walipofika nchi ya Wanande, mashariki mwa Kongo, mwaka 1929, misa iliimbwa kwa Kilatini. Mwaka 1959 Beni ikawa jimbo, na 1967 jimbo likaitwa Butembo-Beni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kuruhusu lugha za wenyeji, kama Kiswahili na Kinande, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yenye ngoma na mwendo wake. Ungedhani Händel, mtunzi wa Ulaya, angeondoka pamoja na Kilatini. Wapi! Haleluya yake ingali wimbo ambao kwaya hujipimia nguvu sikukuu zikifika.

Taabu ni karatasi. Partisyon hupita kwa maestro hadi maestro, na kila kibanda cha fotokopi huipunguzia kitu. Katika noti za herufi, zile za d r m alizozieneza Mwingereza John Curwen, oktava huonyeshwa kwa kijistari juu au chini ya herufi. Hicho ndicho hufutika kwanza, na besi wanapanda panapotakiwa washuke. Nukta mbili za pigo zikibaki moja, pigo linagawanyika. Baya kuliko yote ni “fe”, yaani fa iliyopandishwa: e ikipotea hubaki f tupu, na pale wimbo unapohama kutoka ufunguo wa re kwenda ufunguo wa la, sauti zinagongana na kila mtu anamtazama jirani yake.

Maestro anayejua kazi hakisii upesi. Hukusanya kopi, kisha huuliza ipi ilizaa ipi. Kopi kumi zenye kosa lilelile ni shahidi mmoja tu, kwa kuwa mama yao ni mmoja. Halafu husoma sauti zote kwa pamoja, maana soprano na besi zikiwa salama, mara nyingi humwonyesha sauti ya tena ilikuwa wapi. Wazee waliokariri nao waulizwe. Tangu mauaji yalipoanza kuizunguka Beni, Oktoba 2014, watu wamekimbia bila makabati yao ya partisyon, na sauti iliyo kichwani ni ushahidi, ingawa kichwa nacho hurekebisha.

Huko London mambo hayakuwa safi zaidi. Händel alitunga Messiah, kazi yenye Haleluya hiyo, mwaka 1741, na mwandiko wake hauna oboi wala fagoti. Vyombo hivyo vimo katika karatasi za wapigaji zilizokwenda kwa Foundling Hospital, nyumba ya watoto waliotelekezwa, kwa wasia wake alipofariki 1759. Tena mwenyewe alikuwa akibadilisha nyimbo kwa kufuata waimbaji aliowapata. Mwaka 1789 Mozart akaongeza vyombo vyake. Kwa hiyo anayedai ana Haleluya “ya asili” aulizwe: ya mwaka gani, na kwa mkono wa nani?

Siku hizi vijana wanachapa noti kwenye kompyuta kwa programu ya bure, MuseScore, jenereta ikiunguruma nje. Kazi inatoka nyeupe, imenyooka, na hapo ndipo mimi huingiwa na wasiwasi: karatasi chafu ilikuwa inakuonya, hii haikuonyi. Noti aliyoibuni maestro inafanana kabisa na ya Händel. Waliochapa matoleo ya kitaaluma Ulaya huweka noti kama hiyo ndani ya mabano au kwa herufi ndogo, na mwishoni wanaeleza ilikotoka. Kwetu peni nyekundu na mstari mmoja chini ya ukurasa vingetosha: “Sauti ya tena, hapa, nimejaza mimi, kopi zote mbili zimekatika.”