Vibao vya Barabarani Vilisoma Mawe Kabla ya Gregory

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru kupitia Mai Mahiu, kuna mahali juu ya bonde ambapo karibu kila mtu husimama. Watu wanapiga picha, wanabishania bei ya ngozi ya kondoo, wanakula mahindi choma, halafu safari inaendelea. Siku hizi kuna hadi vijana wanaokodi magari ya kulala ndani, wanazunguka Bonde la Ufa wiki nzima. Poa sana. Lakini tunaona nini hasa?

Tukiulizwa nani alilielewa bonde hili, wengi wetu tutamtaja John Walter Gregory, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza aliyefika hapa mwaka wa 1893 na kuchapisha kitabu chake 1896. Mimi sina ugomvi na Gregory. Aliangalia zile kuta mbili zinazotazamana akaeleza kwamba bonde halikuchimbwa na mto: ardhi ilipasuka, na kipande cha katikati kikazama. Hadi leo wanasayansi huita sehemu hii ya bonde kwa jina lake.

Sasa hebu soma vibao vya barabarani. Mai Mahiu ni Kikuyu: maji moto. Longonot linatokana na Kimaasai, mlima wa matuta mengi, na ukiutazama kutoka barabarani utaiona mikunjo hiyo ikishuka ubavuni mwake. Naivasha pia ni Kimaasai: maji yanayochafuka. Nakuru ni mahali pa vumbi.

Hayo si majina ya mapambo. Ni ripoti. Aliyesema "maji moto" alikuwa ametambua kwamba chini ya miguu yake kuna joto, joto lile lile ambalo Olkaria imekuwa ikiligeuza kuwa umeme tangu 1981. Aliyesema "vumbi" alikuwa ameona ziwa likirudi nyuma na upepo ukichukua udongo mweupe ulioachwa. Na ziwa hilo limewahi kurudi nyuma sana: maelfu ya miaka iliyopita, Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu.

Ushahidi wa maziwa ya kale zaidi uko karibu na Gilgil, pale Kariandusi. Ule udongo mweupe unaochimbwa huko ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini vilivyozama na kurundikana. Hapo hapo, mwishoni mwa miaka ya 1920, Louis Leakey alipata mashoka ya mawe, mengine ya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lililotemwa na volkano. Kwa hivyo mtu wa kwanza kuchagua jiwe zuri kando ya njia hii hakuwa Gregory, wala hakuwa na kalamu.

Mbona nasumbua watu na haya? Kwa sababu ardhi hii bado inafanya kazi. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Mitandao ya dunia ikapiga kelele kwamba Afrika inagawanyika siku hiyo hiyo. Wanajiolojia wengi walieleza kitu cha kawaida zaidi: majivu ya volkano yaliyojaza ufa wa zamani yalikuwa yamesombwa na maji. Bara linapasuka, ndiyo, lakini polepole mno.

Halafu Aprili 2024, usiku, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani yaliporomokea vijiji vya Mai Mahiu. Zaidi ya watu 40 walifariki. Hapo sikulaumu mawe. Njia ya maji chini ya tuta ilikuwa imeziba, na watu walikuwa wamelala chini yake.

Maoni yangu ni haya. Historia ya Kenya tunaianzisha na meli na reli, kama kwamba kabla yake ardhi ilikuwa imekaa tu. Watoto wafundishwe majina ya mahali kama maarifa. Na wewe unayetafuta ploti, kabla ya kulipa, muulize mzee wa eneo hilo: hapa panaitwaje, na kwa nini? Pakiitwa mahali pa maji, usisubiri mvua ikufafanulie.